Betri Tuliyoisema Vibaya

Kwanza nilisikia mawe. Nilikuwa jikoni nachambua sombe, majani ya muhogo, na huko njiani changarawe ilikuwa inasagika polepole, kama meno ya mtu anayetafuna mahindi makavu. Juu ya mlio huo hapakuwa na sauti nyingine. Hapa Kamina gari husikika muda mrefu kabla ya kuonekana. Lori la mahindi utalijua tangu likiwa upande wa stesheni. Pikipiki za abiria utazitofautisha kwa kikohozi cha kila moja. Magurudumu haya yalikuja peke yake. Nikafikiri ni gari lililokufa, linasukumwa na watu. Nilitoka na mikono yenye utomvu wa majani, nikamkuta baba ameketi nyuma ya usukani wa gari dogo jeupe, amenyoosha mgongo kama anayesubiri kupigwa picha. Hakuna aliyekuwa anasukuma.

"Imezimika?" mama akauliza.

"Inawaka," baba akasema.

"Inawaka wapi? Minyi sisikie kintu."

"Njo vile iko. Aiko na makelele."

Mama aliweka kiganja juu ya boneti kama anavyopima homa ya mtoto, akakiondoa haraka. "Kintu ya kutembea bila kupumua," akasema, "minyi naiogopa." Tulicheka sote, na baba alicheka kuliko sisi.

Baba alikuwa fundi umeme wa reli mpaka treni zilipopungua na kazi ikapungua nazo. Alipandisha paneli za jua juu ya bati letu, akawa anachaji simu za mtaa mzima. Mafuta ya gari hufika Kamina yakiwa yamezunguka sana, ghali, na mara nyingine yamechanganywa na kitu kisichojulikana. Jua lilikuwa linafika lenyewe kila asubuhi. Ndipo akaota gari la umeme. Alilipata Lubumbashi, likiwa limeshatumika miaka mingi huko Asia, limevuka bahari na mipaka, na kutoka Lubumbashi likapanda behewa kuja kwetu. Mtu aliyemuuzia alisema betri ni nzima. Alilisema neno hilo mara moja tu, huku akitafuna karanga, na baba, ambaye maisha yake yote alikuwa anapima nyaya za wengine, alimwamini bila kupima. Nayaeleza haya mapema kwa sababu mpaka leo ndiyo yanayoniuma zaidi: mwongo yule aliaminiwa kwa neno moja.

Betri ilikuwa imechoka. Hatukulijua jambo hilo kwa siku moja. Mwanzoni baba alitupeleka shambani na kuturudisha. Kisha likaja lile joto linalotangulia mvua, na safari ikaanza kufupika kama kivuli kinavyofupika mchana. Shamba likawa mbali. Baadaye nyumba ya shangazi ikawa mbali. Mwishowe gari likawa la soko, stesheni na kanisa. Mbele ya usukani kulikuwa na taa ndogo yenye umbo la kobe. Ikiwaka, ujue gari linatembea kwa nguvu za mwisho. Baada ya hapo hupunguza mwendo kama mtu aliyekumbuka jambo, halafu husimama. Halitoi hata mlio mmoja wa kulalamika.

Siku ya kwanza kobe alituwakia tukitoka sokoni na gunia la makaa. Dada yangu ndiye aliyekuwa anaendesha. Mchumba wake, mwalimu mwenzake wa shule ya msingi, alikuwa amekaa kando yake na shati jipya la bluu.

"Shemeji, shuka, tusukume," nikamwambia.

"Minyi nilikuya kuoa, sikukuya kusukuma motokari!"

"Kwetu njo mutihani," dada akamjibu bila kuachia usukani. "Sukuma, tuone kama uko na nguvu ya kulisha mutu."

Alivua shati, akalikunja vizuri, akanipa nilishike. Akasukuma. Wanawake waliouza samaki wakavu kando ya njia walimshangilia. Mmoja wao akapaza sauti: "Baba, iyo bibi atakuwa muzito vile vile!" Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kijana naye alikuwa anacheka, kifua kimelowa, miguu inateleza kwenye mchanga. Nilimpenda siku ile. Nilifikiri: huyu ni mtu atakayesukuma.

Wakati huo posa ilikuwa imekubaliwa. Ilibaki siku ya kuleta mahari, na familia zote mbili zilikuwa zimeanza kuitana wakwe kwa kinywa kipana. Baba wa kijana alikuwa mkulima wa ukoo wa zamani, katekista katika kijiji kilichoko kwenye njia ya Kaniama, mwendo wa asubuhi nzima kwa mguu. Kila Jumapili alikuja mjini kwa misa juu ya baiskeli, suruali imebanwa kwa vibanio vya nguo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyachagua.

Baba alipoamua kuuza gari hakuficha sababu. Alitaka mtu wa mjini, mwenye safari fupi na paneli zake mwenyewe. Lakini habari haichagui masikio. Jumapili moja, baada ya misa, mkwe akaingia uani kwetu akisukuma baiskeli. Nilimletea kiti na maji. Alisifu maji, akasifu kivuli, akauliza habari za mahindi yetu, na baada ya hayo yote ndipo akafika alipokuwa anakwenda.

"Mukwe, nasikia unauzisha ile motokari."

"Njo vile, mukwe."

"Basi minyi njo nitaipata. Nimechoka na kinga." Akaigonga baiskeli yake kwa kiganja. "Sasa magoti yangu inalia kuliko munyororo."

Niliuona uso wa baba ukifunguka, kisha ukafungika. Alimheshimu mtu yule. Alijua ile njia, mchanga wake na mwinuko wake baada ya daraja, na alijua mahali ambapo kobe angewaka. Akilini alimwona mkwe wake amesimama peke yake porini kwenye jua la saa nane.

"Mukwe," akasema, "ile motokari iko mugonjwa."

"Ah. Iko mugonjwa."

"Batri imechoka. Aiwezi kukufikisha kwako. Itakuacha mu njia."

Mkwe aliweka glasi chini. Aliiweka kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha wenyewe.

Hapa nieleze jambo ambalo kwetu hakuna anayelieleza. Sisi hatukatai kwa kusema sitaki. Mtu asiyetaka kutoa kitu hukisema vibaya. Ukiomba jembe, utaambiwa mpini umelegea. Ukiomba mbegu, zimeingia wadudu. Mwenye baiskeli ataitukana baiskeli yake mpaka uione huruma. Na wewe huombi kuuona huo mpini, wala hufungui gunia kutafuta wadudu. Unasema pole, unaondoka, na hakuna aliyemwaibisha mwenzake. Tumelelewa hivyo, tunaishi vizuri hivyo, na kwa wakwe ndiyo zaidi, maana mkwe haambiwi hapana kwa uso mkavu. Baba mwenyewe alinifundisha haya. Siku ile, akiwa na ukweli mkononi, aliyasahau.

"Pole ya mugonjwa, mukwe," mgeni akasema.

"Iko mugonjwa vraiment, mugonjwa kweli! Kuya uone, nitakuonyesha."

"Hapana, hapana. Nimesikia."

Akanywa maji yaliyobaki, akashukuru kwa Kiluba, "Wafwako," akachukua baiskeli yake. Baba alimsindikiza mpaka njiani akiendelea kuitukana betri, na kila neno aliloliongeza lilikuwa linaongeza kukataa. Niliona jinsi mgongo wa yule mzee ulivyokuwa unanyooka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwiko.

"Unamukatalia mukwe?" akamuuliza baba aliporudi.

"Sikumukatalia. Nimemwambia kweli."

"Na yeye amesikia nini?"

Baba akaketi kwenye kiti alichoacha mgeni.

"Basi mupe bure," mama akasema. "Mutumie leo leo."

"Nimupe kintu minyi mwenyewe nilisema iko mugonjwa? Atasema namutupia maiti."

Kwa hiyo kila upande palikuwa na ukuta. Kumuuzia sasa kungekuwa kukiri kwamba alidanganya, kumpa bure kungekuwa kumtukana, na kunyamaza kulikuwa kunatuhukumu polepole. Jioni ile dada alipika bukari, ugali wetu, ngumu kupita kiasi na hakuna aliyemlaumu.

Aliyelinunua gari mwishoni alikuwa mama mmoja mwenye duka la dawa karibu na soko. Familia yake ilitoka Kasai zamani. Yeye alizaliwa hapa Kamina, akaondolewa hapa akiwa mdogo, katika ile miaka ambayo watu wa Kasai walifukuzwa na kulala stesheni wakingoja treni, akarudi akiwa mtu mzima na masanduku ya dawa. Alimsikiliza baba akiisema vibaya betri. Hakusema pole. Akauliza, "Inafika wapi?" Baba akamwambia. "Mvua ikinyesha siku mbili?" Baba akamwambia. Akazunguka gari, akaingia, akalipeleka mwenyewe hospitalini na kurudi, akaangalia kipimo cha chaji mbele ya usukani.

"Nyumba yangu, duka, hospitali, kanisa," akasema. "Sina safari ingine. Papa, tangu nimeanza biashara, weye njo mutu wa kwanza kuniambia ubaya ya kintu yake. Naichukua."

Baba alirudi nyumbani mwepesi. Alidhani ukweli umepata mahali pa kulala.

Jumapili iliyofuata gari lilisimama mbele ya kanisa, limeoshwa, linang'aa. Jumapili nyingine pia. Mama wa dawa alilitunza vizuri, akalichaji kwa paneli za duka, akalitembeza safari zake fupi, na gari likawa na afya kama mbuzi wa sikukuu. Lilikuja bila kelele, likaondoka bila kelele, mbele ya macho ya mkwe aliyekuwa anafunga vibanio kwenye suruali yake ili apande baiskeli. Nilikuwa naimba kwaya. Kutoka mahali petu niliweza kumwona akilitazama. Hakulitazama kwa tamaa. Alilitazama kama mtu anayesoma jibu.

Na midomo nayo ikapata kazi. Tulipokuwa tunatoka kanisani, mwanamke mmoja wa mtaa wetu alimwambia mwenzake, kwa sauti iliyopimwa ili ifike kwetu: "Ya mukwe iko mugonjwa. Ya Mukasai imepona!"

"Dawa iko mu duka," mwenzake akajibu. Wakacheka.

Mama wa dawa alikuwa nyuma yetu. Naye alisikia. Alifungua mlango wa gari lake, akaketi, akakaa muda bila kuondoka, mikono juu ya usukani. Wale waliomfukuza alipokuwa mtoto hawakuwa wageni. Baadhi yao tulikuwa nao kwenye benchi moja.

Wiki hiyo mkwe alituma ujumbe kwa mwanawe. Ujumbe ulikuwa mfupi: mbuzi wa mahari wanaumwa, siku ya kuleta ingoje.

Kijana aliusema akiwa amesimama, kofia mkononi, macho kwenye nguzo ya nyumba. Hakuna mtu aliyeuliza wanaumwa nini. Tuliusikia ujumbe sote kama ulivyotumwa. Mkwe alikuwa ametujibu kwa lugha yetu wenyewe, kwa adabu kamili, na hakuacha hata mwanya wa kumlaumu.

Dada peke yake ndiye aliyethubutu. "Mbuzi banaumwa kweli?"

"Baba njo amesema."

"Naulizia macho yako, sikuulizia baba."

Kijana aligeuza kofia. "Banakula muzuri," akasema.

"Weye ulisukuma ile motokari. Ulisukuma, shati yako iko mu mikono ya mudogo wangu. Umwambie."

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema: bamekufundisha ya kusema."

Usiku sitausimulia. Kulipokucha dada alikuwa amevimba macho na alikwenda kufundisha hivyo hivyo, chaki mkononi, kwa watoto wenye haki ya kujifunza hata mwalimu wao akiwa amevunjika.

Baba alikaa siku kadhaa akiwaza. Mtu aliyezoea umeme huamini kipimo: unagusa waya, sindano inasogea, ubishi umekwisha. Akaona njia moja tu, mkwe aone kwa macho yake. Angeliazima gari kwa mama wa dawa, angempakia mkwe baada ya misa kumrudisha kijijini, na gari lingekufa njiani kama alivyosema. Ili mzee asitembee kwa mguu, mwanawe angefuata nyuma na pikipiki ya kukodi. Gari likifa, mkwe angeliona, angepanda pikipiki, na angejua kwamba hakukataliwa. Hilo tu. Baba alikuwa anataka kuaibika hadharani ili binti yake aolewe.

"Basi usishariji mingi," nikamshauri. "Nusu tu. Ife karibu, tumalize."

Alinitazama kwa hasira ambayo sikuizoea. "Niseme kweli na kipimo ya uongo? Itajaa. Ikijaa, ikikufa, hapo njo ni kweli."

Mama wa dawa aliposikia sababu ya kuliazima, aliliacha kwenye paneli siku nzima, kwa wema, na akalisafisha, hata viti vyake. Sisi sote tulishiriki katika kujiangamiza, kila mtu kwa kipande chake cha uadilifu.

Alfajiri ya Jumapili ile mvua ilinyesha kidogo, ikaacha. Mkwe hakukataa mwaliko. Mtu hakatai kusindikizwa na mkwe wake. Aliketi mbele, mikono juu ya magoti. Mimi niliketi nyuma na baiskeli yake iliyofunguliwa magurudumu. Dada alibaki nyumbani. Alisema anapika. Nilipotazama nyuma alikuwa amesimama njiani na hakushika chochote.

Nilitegemea baba aendeshe kama anavyoendesha siku zote. Lakini alikuwa na mkwe kando yake. Nani anamrusha mkwe kwenye mashimo? Nani anakwenda mbio, amtie mkwe vumbi puani? Baba alibadilika bila kujua. Mguu wake ukawa mwepesi kama wa mtu anayeingia chumba cha wagonjwa. Hakuwasha feni, kwa sababu mkwe alikuwa na kikohozi. Hakupiga honi. Wenye baiskeli walitupita na kutusalimia. Mchanga, ambao siku za ukavu unanyonya magurudumu, ulikuwa umeshikana kwa ile mvua, laini na mgumu kama sakafu iliyomwagiwa maji. Tulipita daraja. Tulipanda mwinuko polepole hivi kwamba ningeweza kuhesabu sisimizi. Mahali ambapo kobe alipaswa kuwaka palipita, na kobe hakuwaka.

"Aiko na makelele," mkwe akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea tangu mjini. "Nasikia hata ndege."

"Njo vile iko, mukwe," baba akasema. Kikosi cha shingo yake kilikuwa kimelowa jasho.

"Motokari muzuri."

Katika kioo kidogo niliona macho ya baba. Nimeona watu wakiomba Mungu gari lisiharibike. Siku ile tu nilimwona mtu akiomba life. Nami niliomba. Niliomba kwa Kiswahili, kwa Kiluba na kwa Kifaransa, huku mnyororo wa baiskeli unanichafua sketi. Nyuma yetu pikipiki ya kijana ilikuwa inakohoa, haituachi.

Mapaa ya kwanza ya kijiji yalipoonekana, kobe akawaka.

"Iyi ni nini?" mkwe akauliza, akionyesha kwa kidole. "Kobe?"

"Njo kusema imechoka, mukwe. Sasa itasimama. Ona, ona vile inapunguka."

"Kila mutu anapunguza akifika kwa bantu," mkwe akasema.

Na kweli gari lilipungua, likaingia uani kama mgeni mwenye malezi. Wakwe kwetu hawafikii mlango wa mkwe mwenzao. Husimama mbali kidogo, pale ufagio unapoishia, wangoje kukaribishwa. Gari lilifika hapo hapo, likasimama. Sikusikia kitu. Halikutofautiana na gari lililoegeshwa. Baba alikanyaga, akakanyaga tena, kiatu chake kikagonga sakafu ya gari, na ule mgongano mdogo ndio pekee uliosikika.

Mkwe alifungua mlango, akashuka, akanyoosha koti. Alitazama mahali magurudumu yaliposimama, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Unajua kusimama, mukwe."

Baba alishuka haraka, akazunguka mbele ya gari. "Mukwe, imekufa."

Tabasamu likaondoka. "Imekufa."

"Imekufa sasa. Ingia, ukanyage mwenyewe. Njo ile nilikuambia."

"Hata leo?" mkwe akasema. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Umenifikisha mbele ya mulango yangu, mukwe. Umepita daraja, umepita mulima, sikusikia hata kikohozi. Na sasa hapa ndani ya uwanja yangu unasema tena iko mugonjwa? Unaogopa nitakuomba leo?"

"Mukwe, naapa..."

"Usiape siku ya Mungu."

Kando ya ghala la mahindi mbuzi walikuwa wanakula maganda, wanene, manyoya yao yanameta. Dume moja lilikuja mbio, likapanda boneti ya gari kwa kishindo, likasimama juu yake linatutazama. Mkwe naye alilitazama. Alilitazama bila aibu, muda wa kutosha ili na sisi tulione vizuri.

"Hata minyi mbuzi yangu," akasema, "iko mugonjwa kabisa. Sizanie zitapona."

Akatoa mkono, akatushukuru kwa safari, akamwombea mama afya njema, akaingia ndani.

Kijana alikuwa bado yuko juu ya pikipiki, ameizima, miguu yote miwili chini. Alikuwa amevaa lile shati la bluu. Baba alimkaribia mpaka akagusa usukani wa pikipiki.

"Mutoto yangu," akamwambia, "weye ulisukuma. Weye unaijua. Weka mukono nyuma ya motokari mara moja tu, baba yako aone mu dirisha. Mara moja."

Kijana aliitazama ile boneti, na dume la mbuzi juu yake. Aliitazama mikono yake. Nilifikiri atavua shati. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono wangu kulipokea, mpumbavu mimi, kule nyuma katikati ya magurudumu ya baiskeli.

"Mutoto," sauti ikaita kutoka ndani, "ingia, chakula inapoa."

Alishuka kwenye pikipiki. Alinipita bila kunitazama, akamwinamia baba kidogo kama inavyompasa mtu kumwinamia mkwe, akafuta viatu vyake kwenye gunia lililotandikwa kizingitini. Akaingia, na mlango akaufunga nyuma yake polepole, kwa mikono miwili, kama afungavyo mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.